Wakili wa Waume za Watu

Gauni jeupe la Mkunga lilikuwa likiletwa kwa Mama Pasi kila Ijumaa asubuhi, limefuliwa na kukauka, linangoja pasi tu. Kwa muda mrefu Mama Pasi alilipenda gauni lile kuliko nguo zote zilizopita juu ya meza yake, maana nguo nyeupe ikinyooka, hata asiyejua kazi anaona kwamba imenyooka. Alikuwa akilinyunyizia maji kwa vidole, anaanza na kola, anakuja mikono, anamaliza na mgongo, na muda wote huo midomo yake inacheza. Ndiyo ilikuwa desturi yake: kila nguo na sala yake, kwa mwenye nguo. Mwalimu alimwombea subira, dereva alimwombea macho, na Mkunga alimwombea mikono myepesi.

Ijumaa moja alipoupindua mfuko wa gauni, ili pasi isije ikapanda juu ya kitu, vikadondoka vijipande viwili vya maranda ya mbao. Vilikuwa vimelowa vikakauka, lakini bado vimejikunja vizuri. Mama Pasi aliviokota, akaviweka kiganjani, akaviangalia. Vilikuwa vyekundu. Na mbao nyekundu siku zile ilikuwa inapigwa randa mahali pamoja tu mtaani pale, kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe, ng'ambo ya kiua, na mwenye karakana alikuwa mume wake, Seremala.

Sala ya Mkunga haikuja. Akalinyoosha gauni kavukavu, bila kumwombea mtu.

Sasa, mambo haya hayakuanzia mfukoni. Yalianzia kwenye ukumbi wa mtaa, siku Mkunga aliposimama akasema ana neno juu ya haki za wanaume. Mkunga yule alikuwa mjane, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana na sauti ya mtu aliyezoea kuwaamrisha wenye uchungu: sukuma, pumzika, sukuma tena. Aliposema hayo maneno mawili, haki na wanaume, ukumbi mzima uliangua kicheko. Yeye akangoja.

"Chekeni mmalize," akasema. "Mimi sina haraka. Kazi yangu ni kungoja vichwa vitokeze."

Walipomaliza, akaendelea. "Mwanaume akimleta mkewe kujifungua hospitalini kwetu, mwisho wake ni mlango wa chuma. Hapewi kiti. Haulizwi jina. Anasimama juani kama mwizi wa kuku aliyekamatwa. Mambo yakiharibika ndani, hakuna wa kutoka kumwambia, baba, pole, njoo umwone. Akilia tunamwambia ajikaze. Asipolia tunasema hana moyo. Nasema mimi mwanamke, kwa sababu wakisema wenyewe mtawacheka kuliko mlivyonicheka mimi."

Wanaume waliokuwapo walitazama viatu vyao. Wanawake wakatazamana wao kwa wao. Na kesho yake mji mzima ulikuwa umeshampa jina: Wakili wa Waume za Watu. Jina hilo, ukitaka ukweli, lilitoka chumba cha pasi. Mama Pasi mwenyewe ndiye aliyelitunga, akiwa ameshika pasi mkononi, mbele ya wifi yake na wateja wawili, na walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Sisi tupasuke, wao wadai kiti!" alisema Mama Pasi. "Hebu niambieni, kiti cha nini? Wamechoka kusimama?"

"Labda na wao wapewe uji," wifi yake akatia chumvi.

Lakini kicheko cha Mama Pasi kilikuwa na kitu chini yake. Zamani, mwaka wa pili wa ndoa yake, alijifungulia hospitali hiyohiyo. Mtoto wa kiume. Alivuta pumzi kidogo tu, kisha Mwenyezi Mungu aliyempa akamchukua. Mama Pasi hakuwa amenunua nguo hata moja, kwa sababu aliogopa kumvika mtoto ambaye hajaja. Walikuwa wameelewana, yeye na mumewe, kwamba uchungu ukianza yeye mume atakwenda dukani kununua furushi la nguo za mtoto na kulileta. Wanawake wengine wodini walikuwa wanaletewa mafurushi yao. Yeye alikuwa amelala anatazama mlango. La kwake halikuja. Mtoto akafungwa shuka la hospitali, lenye muhuri wa hospitali pembeni, watu wa hospitali wakamzika nalo.

Kesho yake mume alikuja kumchukua, ananuka gundi ya mbao. Walipofika nyumbani aliingia karakana, akapiga randa mpaka jua likazama.

Hata kitambaa hakuleta. Hilo ndilo Mama Pasi alilolimeza siku ile na hakulitapika tena. Yeye hakuuliza, mume hakusema. Mungu hakuwajalia mwingine. Waliishi vizuri, kwa heshima, hakuna aliyesikia wakigombana. Walikuwa kama watu wawili waliobeba kabati zito: kila mmoja ameshika upande wake, na hakuna anayemwona mwenzake, kwa sababu kabati liko katikati.

Basi huyo mume, ambaye maneno yake ungedhani anayapima kwa futi kabla ya kuyakata, alirudi kutoka mkutanoni siku ile akasema, "Mkunga anahitaji mabenchi."

"Mabenchi ya nini?"

"Ya wanaume. Anasema akipata mabenchi hospitali haitakuwa na kisingizio. Nimemwambia nitamtengenezea."

Mama Pasi alimtazama. Rafu yake ya kuwekea nguo zilizonyooshwa ilikuwa imelegea tangu mvua za mwaka jana. Meza ya pasi ilikuwa na mguu mmoja uliowekewa kijiti. Alikwenda kupakua chakula.

Toka siku hiyo Mkunga akawa haishi kuja karakana. Akitoka zamu anapitia. Kisingizio chake ni mabenchi: mara migongo iwe mirefu, mara iwe mifupi, mara miguu isikwaruze sakafu ikaamsha wagonjwa. Mama Pasi akiwa chumba cha mbele anasikia randa ikienda, kisha randa inanyamaza, kisha inakuja sauti. Si ya Mkunga. Sauti ya mumewe. Inakwenda, inakwenda, inatua kidogo, inaendelea. Mwanaume ambaye kwake husema "Ndiyo", "Chumvi", "Mungu akipenda", huko nyuma alikuwa anamwaga maneno kama bomba lililopasuka.

Siku ya kwanza alisema moyoni, wanazungumzia mbao. Siku ya pili akajiambia, mbao gani hizo zisizoisha? Siku ya tatu alichoma kola ya shati la mwalimu.

Mezani ilikuwa mbaya zaidi, maana mume sasa alikuwa anaanza kuongea, na kila akifungua mdomo anayetoka ni Mkunga. "Mkunga anasema kuna wanaume wananyimwa kuwaona watoto wao wakishaachana na wake zao." "Mkunga anasema mwanaume akipigwa na mkewe hana pa kushtaki." "Mkunga anasema mtu akikaa na jambo sana linamgandia ndani kama gundi."

"Na mimi nasema mchuzi unapoa," alijibu Mama Pasi.

"Mkunga anasema..."

"Mwambie Mkunga aje akupakulie basi."

Mume akainamia sahani. Naye Mama Pasi, ambaye miaka yote alikuwa akitamani mume azungumze, alitamani sasa aendelee, ila azungumze kitu kingine, chochote, hata habari za misumari.

Ijumaa iliyofuata alifanya jambo ambalo fundi mzuri halifanyi. Aliliwekea gauni la Mkunga mkunjo. Aliutia mgongoni kwa makusudi, kutoka begani kwenda kiunoni, mshazari kama kovu, akaupiga pasi ya moto mpaka ukakaa. Mkunga alikuja, akalifungua gauni, akauona.

"Dada, leo pasi imekupiga chenga?"

"Labda macho yangu," akasema Mama Pasi. "Siku hizi yana mengi ya kuangalia."

Mkunga alimtazama kwa upole, kama anavyomtazama mgonjwa anayekataa kusema panapouma. "Nilikuwa nataka tuongee mimi na wewe siku moja."

"Mimi si mwanaume, bibie. Sina haki zinazonisumbua."

Mkunga akalikunja gauni lake na mkunjo wake, akaaga kwa adabu, na adabu ile ilimchoma Mama Pasi kuliko angetukanwa.

Wifi mtu hakuwa mbali. Dada huyu wa Seremala aliuza vyombo vya plastiki njia panda, na biashara ikilala alikuja kukaa kwenye kiti cha wateja, anapepea na kifuniko cha beseni.

"Wifi, unajua mimi nakupenda," alianza, na wifi akianza hivyo, shika moyo wako. "Kaka yangu namjua tangu anatambaa. Mtu mnyamavu. Lakini mwanaume akizeeka bila mtoto, wifi, shetani ana pa kuingilia. Mjane yule bado ana nguvu zake. Na ni mkunga. Huyo akitaka kuficha tumbo, nani atajua? Atajizalisha mwenyewe."

"Kwa umri ule?"

"Sara alikuwa na umri gani?"

"Wifi, maneno ya Mungu usiyapindishie huko."

"Nimenyamaza. Nilikuwa nasema tu."

Alikuwa anasema tu. Lakini Mama Pasi alishinda siku nzima na kitu kama kaa la moto chini ya titi la kushoto.

Alhamisi jioni, jua bado lipo, alitoka kiuani kuchukua mkaa wa ile pasi ya akiba anayoitumia umeme ukikatika. Dirisha la karakana lilikuwa wazi. Hakwenda kuchungulia, Mungu ni shahidi wake, alikwenda kuchukua mkaa. Lakini macho yana miguu yao.

Mumewe alikuwa amepiga goti mbele ya sanduku la vifaa, lile la zamani ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa, wala hata kulifagia chini yake. Aliondoa patasi, akaondoa misumeno midogo, akaondoa kitambaa cha chini kabisa. Akatoa furushi. Alilifungulia kwenye mapaja yake, na humo akanyanyua kitu cha manjano. Sweta. Sweta ndogo ya kuingia mkono wa mtu mzima na kujaa, na kofia yake, na soksi zisizozidi kidole gumba.

Mkunga alikuwa amesimama karibu yake. Akaipokea ile sweta kwa mikono miwili, akaitia kikapuni, akaifunika. Kisha akamshika mume wa mtu bega, akaacha mkono hapo.

Mkaa ulimponyoka Mama Pasi, hakuna aliyesikia.

Sijui kama mwanamke ambaye hajawahi kuonja hili atalielewa. Wivu wa mwanamke mwingine una dawa zake: utalia, utasema, utasali, utapita. Lakini mume aliyeshindwa kumnunulia mtoto wako hata kitambaa, leo akamnunulia sweta, kofia na soksi mtoto wa mwingine! Rangi aliichagua mwenyewe! Mama Pasi alirudi ndani akakaa kwenye kiti cha wateja. Alijaribu kusali. Maneno yaliyokuja hayakuwa ya kumpelekea Mungu.

Alikata shauri hapohapo. Jumamosi palikuwa na mkutano mwingine wa Mkunga ukumbini, wa kujiandaa kwenda kwa Mganga Mkuu wa hospitali. Angekwenda. Angekivuta kile kikapu, ambacho Mkunga haachani nacho, mbele za watu, na watu wajue huyu wakili anatetea nini. Kisha angechukua pasi zake mbili, ya umeme na ya mkaa, atoke katika nyumba ile asigeuke.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wanaume walikaa upande mmoja, wengi kuliko siku ya kwanza, kofia magotini. Seremala alikuwa mstari wa mbele. Mkunga alisimama kando ya meza tupu, kikapu chini ya miguu yake, ndiyo kwanza ameanza kusema, "Ndugu zangu, leo nimekuja na kitu..."

"Na kionekane!" ilikuwa sauti ya Mama Pasi kutoka mlangoni.

Watu waligeuka. Alikuwa amevaa nguo yake ya ibada, iliyonyooshwa kama karatasi. Nyuma yake wifi alikuwa anahema, alikuja asikose.

"Mama, karibu ukae," Mkunga akasema.

"Sikai. Mabenchi yote si umewawekea wanaume?" Mama Pasi alipita katikati ya watu mpaka mbele. "Wewe unatetea waume za watu. Haya. Mimi ndiye mtu mwenyewe mwenye mume. Nataka niulize swali moja mbele ya hawa mashahidi."

Mumewe aliinuka. "Mke wangu..."

"Wewe kaa! Zamu yako ya kuongea umeimaliza karakana."

Akainama, akakivuta kikapu, akatupa kifuniko, akaingiza mkono. Akaipata. Akaiinua juu ile sweta ya manjano, watu wote waione.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

Alitegemea minong'ono. Alitegemea vicheko vya ubaya, Mkunga kuinamisha kichwa, mume kutafuta mlango. Haikuwa hivyo. Ukumbi ulinyamaza kimya kizito, kama cha watu waliosimama kaburini. Na kwa sababu alikuwa amekivuta kwa nguvu, kikapu kililala upande, vitu vikamwagika sakafuni. Kofia ya buluu. Soksi nyeupe zilizokuwa na rangi ya chai kwa kukaa sana. Kijigauni chenye vifungo vya maua. Shuka dogo, na jingine, na jingine. Mama Pasi alikuja kwa ajili ya mtoto mmoja. Mbele ya miguu yake palikuwa na nguo za watoto wa mtaa mzima.

Mzee mmoja fundi wa viatu alinyanyuka mwishoni. "Hiyo kofia ya buluu," akasema, "ni yangu mimi."

"Hilo gauni la vifungo ni letu," akasema dereva wa lori, mtu mwenye shingo nene.

Mama Pasi aligeuka huku na huku. Mkono wake ulikuwa bado juu. Mumewe alikuwa amemkaribia.

"Na hiyo ya manjano ni yetu," akasema.

"Yetu! Yako na nani?"

"Yangu na yako."

Hakuelewa. Ilibidi Mkunga aseme, na aliposema hakutumia sauti yake ya kuamrisha.

"Dada, pale kwenye mlango wa chuma kuna kidirisha. Ninyi wa ndani hamkioni, kimefichwa na kabati la dawa. Baba akija na furushi la mtoto analiweka kwenye kidirisha, mtu wa ndani analipokea. Mtoto akiwa salama, furushi linabaki, baba anaambiwa, umepata wa kike au wa kiume. Asipokuwa salama..." Akaziangalia zile nguo sakafuni. "Asipokuwa salama, furushi linarudishwa kidirishani vilevile lilivyofungwa. Hakuna anayesema neno. Baba analichukua anakwenda zake. Ndivyo tunavyowaambia. Mimi mwenyewe nimeyapokea mafurushi hayo miaka mingi. Mikono ya wanaume wa mji huu naijua yote. Sura zao ndiyo nimeanza kuziona juzi."

Mama Pasi aliushusha mkono taratibu. Aliitazama sweta. Ilikuwa na mistari ya kukunjwa iliyokaa sana, mistari ambayo hakuna pasi ingeitoa, na ilinuka gundi ya mbao.

"Uliileta?" akamwuliza mumewe.

"Niliileta."

"Siku ile?"

"Siku ile. Niliiweka dirishani, nikasimama. Nilikaa nadhani wamesahau. Ikarudi."

Wifi mtu alikuwa wa kwanza kulia, tena kwa sauti, kama ndiye aliyefiwa. Lakini Mama Pasi hakulia pale. Aliokota nguo zile moja moja, akazikunja kila moja sawasawa, akazipanga juu ya meza tupu. Sweta ya manjano hakuipanga. Aliitia kifuani mwake, ndani ya nguo, akatoka.

Mumewe alimfuata. Walipofika kiuani ndipo Mama Pasi akageuka.

"Miaka yote nimekuona mtu asiye na moyo."

"Nilijua."

"Ulijua ukanyamaza!"

"Ningesema nini? Uliporudi nyumbani ulilala umegeukia ukuta. Nikasema, nikimwonyesha nguo nitamuua. Nikazificha. Kisha siku zikawa nyingi."

Hapo ndipo ungetegemea wivu uishe. Mama Pasi mwenyewe alitegemea. Alijipapasa ndani akautafuta, akaukuta umekaa palepale, umebadilisha tu kiti.

"Na yeye je? Kwa nini yeye kwanza? Mimi mkeo, niliyemzaa, nisijue. Mwanamke wa nje ajue, ashike, atie kikapuni, awaonyeshe watu!"

Seremala aliwaza. Alikuwa amerudi kwenye kupima maneno yake.

"Aliniuliza," akasema.

"Aliuliza nini?"

"Aliniuliza, baba, wewe siku ile ulikuwa wapi? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza."

Neno lile Mama Pasi alilala nalo, akaamka nalo. Lilikuwa neno fupi na halikuwa na pa kulishikia. Yeye hakuuliza. Mwanamke mwingine aliuliza. Ndivyo mume anavyochukuliwa, akawaza, bila kuguswa hata ukucha: mtu anakuja, anamwuliza swali ambalo wewe ulilikalia.

Ijumaa Mkunga alileta gauni, akaliweka mezani, akasimama.

"Dada, nisamehe. Nilitaka kukwambia. Alisema atakwambia mwenyewe, na mimi siwezi kusema kabla ya mwenye msiba."

"Jumatatu mnakwenda kwa Mganga Mkuu?"

"Tunakwenda."

"Nani atasema?"

"Mimi. Nitaeleza habari za wale ambao..."

"Ya mume wangu hutaieleza," akasema Mama Pasi, akachovya vidole kwenye maji, akalinyunyizia gauni. "Waeleze wote, fundi viatu, dereva, ukitaka eleza na wa mji wa pili. Ya mume wangu nitaieleza mimi. Nimechoka kuyakuta maneno yake kwako."

Mkunga alitaka kucheka, akaona si mahali pake. "Utaitwa na wewe wakili."

"Wa mmoja tu. Wangu." Akaanza na kola. "Na mgongo leo utanyooka. Ule mkunjo wa wiki ile niliutia kwa makusudi. Leo naurudia."

Jumatatu walikwenda. Mganga Mkuu alikuwa mwanaume kijana mwenye miwani, si mtu mbaya, ila alikuwa na watu wengi mlangoni. Aliwaona wanawake wawili mbele na kundi la wanaume nyuma, akatabasamu.

"Leo kali. Wanawake wamekuja kudai haki za wanaume?"

"Ndiyo, baba," akasema Mama Pasi. "Tumekuja kudai za kwetu pia, ila hatukujua kwamba ni kitu kimoja."

Akaitoa sweta kifuani, akaiweka juu ya karatasi za Mganga Mkuu.

"Hii ni ya mwanangu. Alikufa humu. Nililala nikamchukia mume wangu kwamba hakuja. Alikuja. Ninyi mlimrudishia hii dirishani, na mimi hamkuniambia. Mngemfungulia mlango angeingia, angemwona, ningemwona akimwona, tungelia mara moja yakaisha. Kwa kidirisha chenu nimeishi na mwanaume mwema nikimfikiria mbaya. Zibeni lile dirisha. Wekeni mtu wa kusema na mabenchi ya kukalia. Mbao msihangaike, mume wangu ameshamaliza. Yako nje."

Mganga Mkuu hakutabasamu tena. Alisema ana kanuni, ana wakubwa wake, wodi ni ndogo. Alisema mlango hawezi kuufungua leo. Lakini kidirisha, akasema huku anaitazama ile sweta bila kuigusa, kidirisha kitazibwa, na baba ataitwa ndani ya korido aambiwe na mtu. Mabenchi yaingizwe.

Yaliingizwa. Wanaume waliyabeba wenyewe, mawilimawili, wakayapanga kando ya ukuta, na yalipogusa sakafu hayakukwaruza.

Watu walipotawanyika, Mama Pasi alibaki amekaa kwenye benchi la mwisho. Mumewe akaja akakaa. Toka ndani kulisikika mtoto akilia, mwenye mapafu mazuri. Kwa mbali Mkunga alikuwa amesimama anaongea na dereva wa lori, amemshika bega, na Mama Pasi akatambua kwamba kushika watu bega ndiyo tabia yake tu. Hata hivyo alimtazama kidogo zaidi ya inavyopasa.

"Ulimwambia yote?" akauliza, macho mbele.

"Nani?"

"Usijitie hujui."

Seremala alipitisha kidole kwenye ukingo wa benchi, akitafuta mahali pa kupiga msasa, hakupata.

"Kuna moja sikumwambia. Nilimpa jina. Siku ile, nilipokuwa nimesimama nangoja, kabla furushi halijarudi. Nilikuwa nataka wakiniita niingie tayari na jina."

Mama Pasi alimgeukia. "Na yeye halijui?"

"Halijui."

"Hata kidogo? Hata herufi ya kwanza?"

"Hata hiyo."

Akasogea karibu mpaka bega likagusa bega. "Haya," akasema, akaleta sikio. "Niambie taratibu. Na ole wako Mkunga arudi alisikie."

Mume akamnong'oneza. Mama Pasi akalirudia jina lile ndani ya mdomo, bila sauti, mara nyingi, kama anavyofanya juu ya nguo za watu.